Shamba Huondoka Mchana



Nawaandikia, wajukuu zangu, mlio hapa nyumbani, mlio Dar es Salaam, na yule wa Mwanza aliyenipigia simu juzi kuuliza kama zile ekari mbili za bibi yenu bado zipo. Zipo. Lakini mimi nimezeeka, sijapumbaa. Swali ulilokuwa nalo mdomoni lilikuwa jingine, ukaona haya kulitoa: ekari moja siku hizi inakwenda kwa shilingi ngapi. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana ugonjwa ni mmoja. Na kijana mwingine yeyote wa uwanda huu wa kati mwenye shamba la wazazi, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa, asogeze kigoda asikilize.

Mwaka niliozaliwa, 1949, Kongwa ilikuwa ikinguruma matrekta. Miaka miwili kabla yake Waingereza walikuwa wameanzisha mradi wa karanga, kwa kuwa vita vilikuwa vimewaachia uhaba wa mafuta ya kupikia. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, vije kushindana na mibuyu. Ardhi waliiona tupu kwa sababu mwenyewe alikuwa ameipumzisha, au alikuwa amefuata majani na ng'ombe wake. Udongo wa pale ukilowa ni tope, ukikauka ni saruji. Karanga zikashikwa humo ndani. Mvua nayo ikafanya ilivyozoea kufanya Ugogo. Ilipofika 1951 waliachana na mradi, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na upepo. Baba alikuwa akisema kwamba hakuna mzee wa Kongwa aliyeulizwa mvua ya pale hukatika mwezi gani. Mradi ulikufa, ila ardhi haikurudi yote kwa wenyewe. Sehemu yake ikawa ranchi, na ranchi ipo mpaka leo.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Mtu anapotaka ardhi yako, kwanza huiita pori. Mkilisikia neno hilo likitamkwa juu ya shamba la kwenu, simameni muulize pori la nani.

Mwaka 1971 nilikuwa kijana wa miaka 22 Operesheni Dodoma ilipotukusanya katika vijiji vya ujamaa. Tulibomoa tembe, tukabeba miti ya paa mabegani, tukaacha mashamba ya karibu na maboma ambayo mama zetu walikuwa wameyatia samadi miaka mingi. Sitatukana ujamaa, shule niliyosomeshea wazazi wenu na kisima tulichonywea vilikuja nao. Lakini mashamba yale ya samadi hatukuyaona tena, na kule tulikopewa ardhi mpya tulianza upya kuberega na kupanda uwele kwenye udongo mchovu. Miaka miwili baadaye, 1973, TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Tulifurahi. Nani asingefurahi? Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile mliyoisikia kwa jina la CDA, ikakabidhiwa ardhi ya mji kuipanga. Mwenye kiwanja alipewa miaka 33, naye akashukuru. Sisi wa pembezoni tuliambiwa tulime huku tukisubiri mpango. Tukalima tukisubiri kwa zaidi ya miaka 40, kama wageni waalikwa kwenye makaburi ya babu zetu, mpaka Rais Magufuli alipoivunja mamlaka ile tarehe 15 Mei 2017.

Sasa niwasimulie la kwangu, maana ya Waingereza na ya serikali ni rahisi kuyasema.

Mnaulizana kwa nini babu yenu hana shamba mashariki ya mji, pale palipo na ukuta mrefu na geti la bluu. Palikuwa pangu. Ekari tano, na mbuyu mmoja katikati ambao chini yake tulikuwa tukipura mtama. Mwaka sitautaja, kwa kuwa baadhi ya waliohusika wako hai na watoto wao ni rafiki zenu. Ulikuwa mwezi wa sita, msimu wa mavuno umekwisha, na kwa jirani yangu palikuwa na pombe ya uwele. La mgambo likalia, mkutano wa kijiji. Nilikwenda nimechelewa, kichwa kizito. Daftari la mahudhurio lilikuwa likizunguka mikononi mwa watu; nikaandika jina, nikatia sahihi, nikarudi kwenye pombe kabla haijaisha. Ajenda sikuisikiliza. Nilijua itakuwa habari ya choo cha shule, kama kawaida.

Baada ya miezi mitatu nikakuta vigingi ndani ya mabua yangu. Nikaenda ofisini kwa hasira za mtu mwenye haki. Karani akafungua jalada, akanionyesha muhtasari uliopigwa chapa vizuri: wanakijiji kwa kauli moja wameridhia kutoa eneo kwa matumizi ya umma. Nyuma yake zimeambatanishwa kurasa za majina. Akaweka kidole. "Mzee, hii si sahihi yako?" Ilikuwa yangu.

Fidia nililipwa. Siku zile sheria haikuihesabu ardhi yenyewe kuwa na thamani. Ililipia ulichokijenga au kukipanda juu yake, basi. Nikahesabiwa miembe miwili na zizi la miti. Mbuyu haukuhesabiwa, kwani sikuupanda mimi. Fedha ile ilinunua mabati kumi na viatu vya shule. Umma wenyewe uliokuwa uitumie ile ardhi sijauona mpaka leo. Namwona mtu mmoja na mbwa wake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu nimewapata, na majuto ninayo tangu kabla yenu.

Ndiyo maana nawaambia shamba huondoka mchana. Mwizi wa mbuzi ndiye huja usiku. Shamba huondoka saa nne asubuhi, chini ya mti, kuna kiti cha mwenyekiti, kuna mhuri, na nusu ya wenye mali hawapo kwa kuwa wamekwenda mnadani. Tingatinga likija, jambo lilikwisha zamani. Vijana wetu siku hizi hulala mbele ya tingatinga wakipiga kelele, na mimi ninawaheshimu kwa ujasiri. Lakini ukiwauliza mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji walihudhuria lini, hakuna anayekumbuka.

Mambo yamebadilika tangu enzi zangu, na yaliyobadilika yapo upande wenu mkiyajua. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya baba na mwanawe wa mkoa wa Arusha, wakulima tu kama sisi, waliosimama dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ardhi yao ya kimila ilikuwa imechukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, na baadaye Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za namna hiyo bila fidia. Mahakama ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu aliyeitolea jasho ardhi hawezi kuondolewa bila fidia ya haki hata kama hakujenga kitu juu yake. Niliposomewa hukumu ile nilikaa kimya muda mrefu. Iliukuta mbuyu wangu umeshakatwa.

Halafu zikaja sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Hiyo ya pili kila kijana wa kijijini aijue kama anavyojua ratiba ya ligi. Ipo kwa Kiswahili. Inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni wewe, mradi umetimiza miaka 18 na unakaa hapo. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, hilo lipo. Ila eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa, na likizidi hapo Waziri anatakiwa kwanza azingatie mapendekezo ya mkutano huo. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Mwekezaji wa zabibu au wa alizeti anayekuja na gari safi na soda za kutosha mara nyingi anaomba chini ya hapo. Kwa hiyo anayemwambia karibu au kwaheri ni mama muuza mlenda aliyekaa mstari wa nyuma. Asipokuwepo, wengine watamjibia.

Mkihudhuria, someni kichwa cha karatasi kabla ya kuandika jina. Kama juu hapajaandikwa kitu, kalamu irudi mfukoni. Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti kabla ya kufungua mwingine, na yule mwenye simu nzuri aupige picha. Mtaitwa wakorofi. Mimi nilikuwa mpole.

Sasa nije kwenye shamba la bibi yenu, ambalo ndilo limeleta maneno yote haya.

Shamba lile liko wilaya ya Chamwino, kijiji alikozaliwa, mbali na mji, ingawa mji unakuja mbio. Alipewa na mama yake. Hilo halikuwa jambo geni: kwetu Ugogo zamani kila mke alikuwa na shamba lake na kihenge chake, na mume asingechota nafaka humo bila kuomba. Ugomvi ulianza aliporudi kulima baada ya mimi kupoteza langu. Kaka yake akadai mwanamke aliyeolewa hana mpaka kwa baba yake. Ukoo ukaegemea huko, wengine wakiapa kwa mila ambazo mama zao wangezishangaa.

Kijiji chao kilikuwa kimeshapimwa mipaka na kupata cheti cha ardhi ya kijiji, kikawa na mpango wa matumizi ya ardhi na masjala yake, chumba kimoja chenye kabati la chuma. Wakaanza kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Bibi yenu alikwenda siku ya kwanza, amevaa kitenge cha harusi ya binti yetu. Suala likapelekwa baraza la ardhi la kijiji. Sheria inataka wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Mle ndani walikuwa wanne, na msiniulize ilikuwaje. Mtendaji akasoma kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Akasoma mara mbili kwa sababu shemeji yangu aliomba arudie.

Kesho yake walitembea mpaka wote, bibi mbele, majirani wote wanne nyuma, na kijana wa kupima. Kila walipofika kwenye minyaa jirani anaulizwa: ni hapa? Anajibu mbele ya mwenzake. Nimeshuhudia viapo mahakamani vyenye uzito mdogo kuliko ule mwendo wa saa moja juani. Shemeji alibisha kona moja, hatua sita hivi, bibi akamwachia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hatua sita za mpaka ni bei nafuu kwa jirani asiye na kinyongo. Hati ilitoka na sahihi ya mwenyekiti, ya mtendaji na dole gumba lake, ikasajiliwa wilayani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu huning'inizwa kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu, lakini sisi wakulima ndio uliotufaa zaidi.

Karatasi peke yake haitoshi, hasa kwenu mlioko mbali. Ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka mitano inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Kuipumzisha makusudi ni matumizi, ila pawepo mtu wa kusema kwamba imepumzishwa. Na mtu akiingia shambani mwako akalima wazi miaka 12 nawe umekaa kimya, mlango wa mahakama wa kumdai unafungwa. Hivyo yule wa Mwanza asinitumie salamu za Krismasi tu. Aje walau msimu mmoja kati ya miwili, wamwone akiwa na jembe. Au akodishe kwa msimu, kwa maandishi, jina la mwenye shamba liwe juu na tarehe ya mwisho iwepo. Aliyekodi asiruhusiwe kupanda mzabibu. Mzabibu wa Hombolo au Mpunguzi huchukua miaka ndipo uzae sawasawa, kisha huzaa mara mbili kwa mwaka na kuendelea. Hakuna anayeupanda kwenye shamba la kuazima bila kuwa na mawazo yake moyoni. Lakini mkiupanda wenyewe mtakuwa mmefanya la maana, kwani shamba lenye mti wa kudumu halina atakayeliita pori.

Kuhusu mji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179, na tayari lilikuwa Jiji, tangu Aprili 2018. Mji wa Serikali umesimama Mtumba, reli ya kisasa imepita, uwanja wa ndege Msalato umehitaji ardhi, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imepita kwenye mashamba ya watu. Sina ugomvi na barabara. Bibi yenu alipougua aliokolewa na barabara. Ninachowaonya ni sherehe. Kijiji chetu kilipotangazwa kuwa mtaa, tulichinja mbuzi, tukacheza ngoma, tukaitana watu wa mjini. Hakuna aliyetueleza kwamba kijiji kikiwa mtaa mkutano mkuu wa kijiji unakufa, na yale mamlaka yake juu ya ardhi yanakwenda kwa watu wa mipango miji. Mtaa una mwenyekiti na mikutano, ila hauna kalamu ya kugawa wala kukataa. Wenzetu ambao vijiji vyao bado ni vijiji, chukueni hati zenu sasa, kabla ya mbuzi kuchinjwa. Na mlio mjini tayari, msitupe ushahidi wa kimila mlionao. Mwenye karatasi, majirani na mazao hazungumzi na mpimaji kama mvamizi.

Kilimo cha mjini nacho kimekuwepo katika kanuni kwa muda mrefu. Zile za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu. Majirani wapya ndio wagumu. Mtu anahamia karibu na zizi kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, na baada ya mwezi anashtaki harufu ya samadi. Mjukuu wangu anayesoma sheria ananiambia kule Marekani majimbo yote 50 yana sheria ya kumlinda mkulima aliyetangulia dhidi ya mgeni wa namna hiyo. Nikafurahi, mpaka aliponieleza kwamba siku hizi wenye kampuni kubwa za nguruwe wanajikinga kwa sheria zilezile dhidi ya wanakijiji maskini wanaoishi jirani na madimbwi yao ya kinyesi. Kwa hiyo kabla ya kudai ulinzi, nimewaambia walio hapa nyumbani wahamishe rundo la samadi kutoka ukutani kwa jirani. Tumelihamisha. Mke wake sasa ananunua maziwa kwetu.

Likija suala la kutwaliwa kwa kweli, kwa barabara au reli, msikimbie na msijifiche. Mthamini akifika, mwenye shamba awepo mwenyewe, ahesabu naye, asaini kwa kile alichokiona kimeandikwa. Siku hizi ardhi inalipwa kwa thamani ya soko, pamoja na maendelezo, posho ya usumbufu, ya makazi kwa aliyekuwa na nyumba, na ya usafiri. Hii ya usafiri hukokotolewa kwa tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Nilicheka niliposomewa. Vitu vyangu vyote pamoja na mimi havifiki tani mbili, na kilomita 20 kutoka hapa bado uko mjini. Aliyeandika kanuni ile hakumfikiria mkulima anayetafuta shamba jingine. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, riba inahesabiwa. Wekeni tarehe kwenye kila karatasi. Msipokubaliana na mtu, anzeni kwenye baraza la kijiji, kisha kata. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena, nalo lina siku 30. Likishindwa nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo matapeli nje ya milango hiyo wanaojiita mawakili wa ardhi. Wengi ni madalali waliobadilisha koti.

Dalali ndiye aliyempigia simu kijana wa Mwanza, ninajua. Alianza kwangu. Alinikuta nikipukuchua mtama, akasema, "Mzee, umelalia hela." Nikamwambia nalalia kitanda cha kamba. Kila siku ninaona hapa vijana wakiuza ekari ya urithi ili wanunue pikipiki. Baada ya miaka mitatu pikipiki mbovu inasimama nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti chake, na kijana anakodi robo ekari kutoka kwa aliyemuuzia. Sisemi ardhi isiuzwe kamwe. Nimeona mtu akiuza ekari moja kati ya kumi akasomesha daktari. Ila shamba la mwisho, lile ambalo ukilitoa huna pengine pa kupanda, halina bei, na nyumba ya ndoa isiuzwe bila mwenzi kuridhia. Sheria ya Ndoa ilishasema hivyo tangu 1971, kifungu cha 59. Wazee waliopita kwenye Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipozoa nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, walitusimulia kwamba fedha zilikuwepo kwa baadhi ya watu. Hazikuwa na cha kununua.

Mambo mawili yamebaki, nayo ni dhidi yetu sisi wakulima.

Haki ya kulima haimfukuzi mchungaji. Watu wa Kongwa waliovuka kwenda kulima Kiteto wanajua palivyokuwa mapema mwaka 2014: watu walikufa, wakulima na wafugaji, kwa ardhi ambayo kila upande uliiita yake. Mimi Mgogo nina ng'ombe na jembe nyumba moja, sioni aibu kusema makosa yalikuwa kote. Mkiwa kwenye mkutano wa kupanga matumizi ya ardhi, msilime njia ya mifugo wala mbuga ya malisho kwa sababu tu mfugaji hakuhudhuria siku hiyo. Mtakuwa mmefanya kile nilichofanyiwa.

Na udongo. Kule Kondoa makorongo yalikuwa yamemeza mashamba, ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Miti ilirudi, ni kweli, nimeiona kwa macho yangu. Lakini kumbukeni aliyeondoka alikuwa mwenyeji, na hoja iliyomwondoa ilitoka kwenye korongo lake mwenyewe. Limeni kwa matuta ya kukinga maji. Tieni samadi. Acheni kuchoma mabua.

Mvua hapa ni moja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 au 600 katika mwaka mzuri, na mwaka huu mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mpwapwa mapema. Mbegu ya uwele nimeshachambua, debe moja. Tunapanda Jumamosi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza. Anayeweza aje na jembe lake, mimi ninayo mawili tu. Jumatatu inayofuata kuna mkutano mkuu wa kijiji kule kwa bibi, ajenda ya pili ni ombi la mwekezaji la hekta 180, na nauli ya atakayekwenda kumsindikiza bibi nitalipa mimi.

Hati iko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, chini ya nguo za ubatizo. Jina lililoandikwa si langu.